Uvimbe wa taya usiouma: Kila mwaka wa kusubiri unakula mfupa

Katika albamu ya picha za ukoo wetu kuna shangazi ambaye haonekani kwa miaka 10. Yupo kwenye picha ya ubatizo wa mdogo wangu mwaka 1997, amevaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, anacheka. Baada ya hapo hayupo. Hayupo kwenye picha za Krismasi, hayupo kwenye mahafali, hayupo hata kwenye harusi ya mdogo wake wa mwisho.

Si kwamba hakufika. Siku ya harusi ile alikuwa jikoni tangu alfajiri, akichambua mchele na kuchochea moto, khanga imezungushwa kichwani na kufunika mdomo. Mpiga picha alipoelekea upande ule, alinyanyuka akaingia stoo, akakaa humo hadi alipoondoka.

Uvimbe wake ulianza mwaka 1998, akiwa na miaka 26. Kilikuwa kinundu kidogo upande wa kushoto wa taya la chini, usawa wa magego. Hakikuuma.

"Kingeuma ningekwenda hospitali kesho yake," hutuambia hadi leo. "Lakini hakikuuma, na mimi nilikuwa na nguo za watu za kushona."

Alipokwenda zahanati aling'olewa gego moja. Miezi michache baadaye aling'olewa la pili. Uvimbe ukaendelea. Ndugu wakaanza kusema kuna mtu amemwonea wivu, akapelekwa kwa mganga, akachanjwa shavuni. Alama za chale zile anazo mpaka sasa.

Mwaka 2001 alifanyiwa upasuaji wa kwanza. Uvimbe ulikwanguliwa, kidonda kikapona, tukamshukuru Mungu. Mwaka 2006 ukarudi, na safari hii ulikua haraka kuliko mwanzo. Mwaka 2008, katika hospitali ya rufaa, ndipo daktari alipotuita familia nzima akatueleza kwamba kipande cha taya lazima kikatwe na kutupwa, kisha pengo lijengwe upya kwa mfupa kutoka sehemu nyingine ya mwili wake.

Naandika habari hizi kwa ruhusa yake. Ameniomba niziandike kwa sababu moja: katika miaka yote ile 10, hakuna hata mmoja wetu nyumbani aliyejua jina la ugonjwa, wala aliyejua kwamba taya likikatwa linaweza kujengwa tena. Tulikuwa tunaogopa upasuaji, kumbe tulichopaswa kuogopa ni kuchelewa.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Uvimbe uliompata shangazi unaitwa ameloblastoma. Unatokana na seli zinazohusika na kutengeneza tabaka gumu la nje la jino. Jino linapokamilika, kazi ya seli hizo huisha, lakini baadhi ya mabaki yake hukaa ndani ya mfupa wa taya. Kwa baadhi ya watu mabaki hayo huanza kuzaliana tena, taratibu, na kutengeneza uvimbe unaokua ndani ya mfupa na kuupanua.

Takriban wagonjwa 8 kati ya 10 huupata kwenye taya la chini, na mara nyingi upande wa nyuma, karibu na magego. Wengi wao ni vijana na watu wazima walio katika umri wa kusoma, kufanya kazi na kulea watoto.

Kitaalamu uvimbe huu hauhesabiwi kuwa saratani, kwa sababu ni nadra sana kusambaa kwenda mapafuni au sehemu nyingine za mwili. Lakini neno hilo "si saratani" limewaponza wengi. Mtu akiambiwa hana saratani, huona hana haraka. Wakati huohuo uvimbe unaendelea kula mfupa, kulegeza meno, kupindisha uso na, ukiachwa miaka mingi, kumfanya mgonjwa ashindwe kutafuna na hata kupumua vizuri.

Kwetu Tanzania si ugonjwa wa kusikia kwa jirani tu. Watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, waliwafuatilia kwa miaka minne wagonjwa wenye uvimbe unaotokana na seli za meno, wakachapisha matokeo yao mwaka 2005. Kati ya aina zote walizokutana nazo, ameloblastoma iliongoza kwa mbali. Tafiti za nchi nyingine za Afrika, zikiwamo Kenya na Nigeria, zimeeleza habari inayofanana, na zote zinakutana kwenye jambo moja: wagonjwa wetu hufika hospitalini uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa.

Kwa nini tunachelewa

Sababu ya kwanza ni hiyo aliyoitaja shangazi. Hauumi. Sisi tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Mtoto akilia usiku, tunaamka. Jino likipwita, tunakwenda. Kitu kinachokua kimyakimya tunakipa majina ya kujifariji: ni jino la mwisho linaota, ni mafua ya jino, ni mafuta tu.

Sababu ya pili ni kung'oa. Uvimbe unapokula mfupa, meno ya hapo hulegea. Mgonjwa akifika mahali pasipo na mashine ya picha, jino lililolegea hung'olewa na yeye huondoka akiamini ameshatibiwa. Ni kweli meno mengi hulegea kwa ugonjwa wa fizi. Lakini jino likilegea mahali ambapo taya limevimba, linahitaji kupigwa picha kabla ya koleo.

Sababu ya tatu ni aibu. Ugonjwa wa tumbo unaweza kuuficha chini ya nguo. Ugonjwa wa uso unakutangulia mlangoni. Watu hukodoa macho, watoto huuliza kwa sauti, wateja hupungua. Mgonjwa hujifungia ndani, na akishajifungia ni rahisi familia nayo kuzoea na kusema "ndivyo alivyo".

Ya nne ni fedha na umbali. Madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso wako kwenye hospitali kubwa, na kwa mtu wa kijijini nauli peke yake ni mtihani. Hili halina jibu rahisi, ila tutalirudia hapa chini, kwa sababu kuchelewa huongeza gharama badala ya kuipunguza.

Kukwangua au kukata?

Hapa ndipo utafiti umesaidia sana, na ndipo familia nyingi hukosea kwa huruma.

Kwa miaka mingi madaktari walibishana. Upande mmoja ulisema: kwangua uvimbe, acha mfupa, mgonjwa abaki na taya lake. Upande wa pili ulisema: kata uvimbe pamoja na mfupa mzima ulio pembeni yake. Njia ya kwanza inaonekana ya upole. Upasuaji ni mfupi, kovu ni dogo, mgonjwa hurudi nyumbani mapema.

Tatizo ni jinsi uvimbe huu unavyoishi ndani ya mfupa. Mfupa wa taya ndani yake una matundu madogo madogo kama sifongo. Seli za uvimbe hupenya kwenye matundu hayo na kuvuka mpaka unaoonekana kwa macho. Daktari akikwangua akaona pamebaki mfupa mweupe na safi, bado seli chache zinaweza kuwa zimejificha mbele ya pale alipofika.

Watafiti walipokusanya pamoja matokeo ya wagonjwa wa nchi mbalimbali, picha ilijitokeza wazi. Kwa aina ya kawaida ya ameloblastoma, uvimbe uliokwanguliwa hurudi kwa takriban wagonjwa 4 kati ya 10, na tafiti nyingine zimetoa idadi kubwa zaidi ya hiyo. Ukikatwa pamoja na sentimita moja hadi mbili za mfupa mzima unaouzunguka, hurudi kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya 10.

Iko pia aina ya pili, yenye mfuko mmoja wa majimaji, ambayo huwapata zaidi vijana wadogo. Hiyo huweza kutibiwa kwa upasuaji mdogo zaidi, hasa kwa mtoto ambaye taya lake bado linakua. Ndiyo maana daktari huchukua kwanza kipande kidogo cha nyama ya uvimbe na kukipeleka maabara. Bila majibu ya maabara hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni aina gani, wala kama ni ameloblastoma au kitu kingine kabisa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba uvimbe huu unaweza kurudi baada ya miaka mingi, hata zaidi ya 10. Mgonjwa aliyepona anapaswa kuendelea kupigwa picha ya taya kila atakapopangiwa. Shangazi alipokwanguliwa mwaka 2001 aliambiwa arudi baada ya miezi sita. Alirudi mara moja, akaona yuko salama, akaacha. Sisi wenyewe tulimwambia anapoteza nauli.

Mguu unavyolipa deni la taya

Ukimwambia mtu kwamba kipande cha taya kitakatwa, anachokiona akilini ni uso ulioporomoka upande mmoja, mate yanayochuruzika, na uji wa maisha yote. Zamani ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Leo kuna njia kuu mbili za kujaza pengo hilo.

Ya kwanza ni kufunga sahani ya chuma cha titani kutoka upande mmoja wa taya hadi wa pili, kisha kujaza pengo kwa mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga. Ndiyo aliyofanyiwa shangazi, na ndiyo ambayo watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Uholanzi waliifanyia kazi na kuiandikia miaka ya 2000, wakitafuta njia inayowezekana katika mazingira ya hospitali zetu. Ubaya wake ni kwamba mfupa wa nyonga unafika mdomoni bila mshipa wake wa damu. Lazima usubiri nyama ya jirani iulishe. Pengo likiwa fupi, huwa unashika. Likiwa refu, au mahali hapo pakiingia vijidudu, huweza kufa na kuoza.

Njia ya pili ilitatua shida hiyo. Kila mguu chini ya goti una mifupa miwili: muundi, ambao ndio unaobeba karibu uzito wote, na mfupa mwembamba ulio pembeni yake, unaoitwa fibula. Sehemu kubwa ya fibula mtu anaweza kuishi bila hiyo. Madaktari huacha sentimita sita hivi juu karibu na goti na nyingine kama hizo chini kwenye kifundo cha mguu, na kwa mtu mzima wanaweza kupata mfupa wenye urefu wa sentimita 20 hivi au zaidi.

Uzuri wa mfupa huu ni kwamba una ateri na vena zake zinazopita kando yake. Daktari huutoa pamoja na mishipa hiyo, na ikihitajika pamoja na kipande cha ngozi. Huukata vipande na kuviunganisha kwa pembe ili ufuate mkunjo wa taya, kama seremala anavyokata fremu. Kisha huja kazi ya hadubini: mishipa yenye upana wa milimita mbili au tatu hushonwa kwenye mishipa ya shingo kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Damu ikianza kupita, mfupa wa mguu unakuwa hai mdomoni.

Ian Taylor wa Australia na wenzake walieleza mwaka 1975 jinsi ya kuhamisha fibula pamoja na mishipa yake, wakati huo ikiwa ni kwa ajili ya mguu uliovunjika vibaya. Mwaka 1989 David Hidalgo wa New York alichapisha taarifa ya wagonjwa 12 aliowajengea taya kwa mfupa huo. Tangu hapo njia hiyo imeenea duniani, na katika hospitali zenye uzoefu zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 mfupa wao hushika. Siku hizi kompyuta hutumia picha za CT-Scan kupanga kabla ya upasuaji ni wapi hasa msumeno upite.

Lakini tusijidanganye kwamba ni kazi nyepesi. Upasuaji huu huchukua saa nyingi, mara nyingi kuanzia asubuhi hadi jioni. Unahitaji timu mbili, moja mguuni na moja usoni, daktari wa usingizi mwenye uzoefu, hadubini, na wauguzi watakaokagua rangi na joto la ngozi iliyopandikizwa saa baada ya saa, usiku na mchana, kwa siku kadhaa za mwanzo. Damu ikiganda kwenye mshipa, mgonjwa lazima arudishwe chumba cha upasuaji haraka. Hospitali zinazoweza yote hayo katika ukanda wetu bado ni chache.

Hapo ndipo kuchelewa kunapoleta hasara kubwa. Mtu aliyewahi mapema huenda akakatwa kipande kifupi ambacho hata mfupa wa nyonga unaweza kukijaza. Aliyekaa miaka mitano huenda akapoteza nusu ya taya, au hata kidevu, na kuhitaji upasuaji mkubwa ambao haupatikani kila mahali na ambao gharama yake ni ya juu. Ugonjwa ni uleule, na tofauti ni muda tu.

Benchi za buluu na mji usiokodoa macho

Ujuzi wa kujenga uso haukuanzia kwenye uvimbe. Ulikuzwa sana na vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliongoza matibabu ya askari waliopasuliwa nyuso kwa risasi na vyuma. Hospitali yake ilifunguliwa mwaka 1917 huko Sidcup, Uingereza, na maelfu ya askari walipita mikononi mwake na mwa wenzake. Inasimuliwa kwamba baadhi ya benchi za barabarani karibu na hospitali hiyo zilipakwa rangi ya buluu, ili wenyeji wajue kwamba anayekaa hapo anaweza kuwa na uso utakaowashtua.

Katika Vita ya Pili ya Dunia jamaa yake Gillies, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua moto katika mji wa East Grinstead. Yeye alifanya kinyume cha benchi za buluu. Aliwaomba wenyeji wawakaribishe vijana wale majumbani, madukani na kwenye sherehe, bila kuwakodolea macho. Wenyeji wakaitika, na East Grinstead ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho. McIndoe aliamini kwamba mgonjwa aliyerekebishwa uso halafu akafichwa hajapona.

Daktari huyo ana historia na kwetu pia. Yeye, pamoja na mwanafunzi wake Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, wote mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege, kutokana na mazungumzo yao kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Huduma hiyo ndiyo leo inayojulikana kama Amref, yenye makao yake makuu Nairobi. Wengi wetu tunaifahamu kwa ndege na kliniki. Wachache wanajua kwamba waliozaa wazo hilo walikuwa watu wa kutengeneza nyuso na mikono.

Nimeileta habari hii kwenye ukurasa wa familia kwa sababu kila nyumba yenye mgonjwa wa uso huchagua kati ya benchi ya buluu na mji usiokodoa macho. Sisi, bila kukusudia, tulichagua benchi. Hakuna aliyemfukuza shangazi sebuleni. Lakini hakuna aliyekwenda stoo kumwambia atoke.

Je, kuna dawa ya kumeza?

Swali hili madaktari huulizwa sana. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani na wa Finland, kila kundi kivyake, waligundua kwamba karibu nusu au zaidi ya uvimbe wa ameloblastoma una kasoro katika jeni iitwayo BRAF. Kasoro hiyo ilikuwa inafahamika tayari katika aina ya saratani ya ngozi iitwayo melanoma, na zipo dawa za vidonge zilizotengenezwa kuizuia.

Baadhi ya wagonjwa wa ameloblastoma waliopewa dawa hizo walionekana uvimbe wao ukisinyaa. Matumaini ya watafiti ni kwamba siku moja vidonge vitatumika kupunguza uvimbe kabla ya upasuaji, ili mfupa unaokatwa uwe mdogo, hasa kwa watoto. Lakini idadi ya waliojaribiwa bado ni ndogo, dawa ni ghali na zina madhara yake. Kwa sasa tiba ya kutegemewa inabaki kuwa kisu. Mtu yeyote anayekuuzia unga au mafuta ya kuyeyusha uvimbe wa taya anakula muda wako, na muda ndio mfupa wako.

Kazi ya familia baada ya upasuaji

Mgonjwa wa taya hutoka hospitali akiwa hajamaliza safari. Haya ndiyo tuliyojifunza nyumbani kwetu na ambayo wauguzi walitusisitizia.

Chakula. Wiki za mwanzo mgonjwa hulishwa kwa mpira unaopita puani, kisha huanza vyakula vya maji. Usiishie kwenye uji mtupu. Uji uwe na maziwa, karanga zilizosagwa laini au yai. Mchuzi wa samaki au maharage unaweza kusagwa na kuchujwa. Kidonda kinahitaji protini, na mgonjwa asiyeweza kutafuna hupungua uzito haraka.

Usafi wa kinywa. Sukutua kama ulivyoelekezwa kila baada ya kula. Mabaki ya chakula yakikaa kwenye mshono huleta vijidudu, na vijidudu ndiyo adui mkubwa wa mfupa mpya.

Sigara. Mgonjwa aache kabisa, na nyie msivute karibu naye. Moshi wa sigara hudhoofisha mishipa ya damu na kuchelewesha kupona.

Kutembea. Kama mfupa ulitoka mguuni au nyongani, atachechemea kwa muda. Afuate mazoezi aliyopewa. Watu wengi hurudi kutembea vizuri.

Ganzi. Upande wa mdomo wa chini huweza kubaki na ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu hupita ndani ya taya lililokatwa. Mpe kioo kidogo au leso, umweleze kwa upole kama kuna chakula kimebaki. Usimcheke mbele ya watoto.

Meno. Taya likishakomaa, miezi kadhaa baadaye, daktari ataeleza kama anaweza kuwekewa meno ya bandia. Ulizeni, msisubiri kuambiwa.

Uso mpya. Kutakuwa na kovu na sura haitakuwa ileile kabisa. Mgonjwa anaweza kulia siku ya kwanza ya kujitazama kwenye kioo. Kaa naye. Usimwambie "shukuru uko hai". Anashukuru, na bado ana haki ya kuulilia uso wake.

Dalili za kutokupuuza

Mzazi, mke, mume au mtoto, mwangalie mwenzako mnapokula. Mpeleke kwa daktari wa meno anayeweza kumpiga picha ya taya ukiona mojawapo ya haya:

- Upande mmoja wa taya au shavu umevimba na haupungui, hata kama hauumi.
- Meno mawili au matatu ya jirani yamelegea au yamesogea bila kuumia.
- Kijana ana jino la ukubwani ambalo halijaota mahali pake, na hapo pamevimba.
- Pengo la jino lililong'olewa halifungi, au uvimbe umeendelea baada ya kung'oa.
- Meno ya bandia yaliyokuwa yanakaa sawa ghafla hayaingii.
- Kidonda kinywani kimezidi wiki mbili bila kupona. Hiki kinaweza kuwa dalili ya saratani ya kinywa, na kinahitaji haraka zaidi.

Si kila uvimbe wa taya ni ameloblastoma. Mwingi ni jipu la jino bovu linalopona kwa matibabu ya kawaida. Picha na kipimo cha maabara ndivyo vitakavyosema.

Ukifika kituo kisicho na mashine ya picha, omba barua ya rufaa badala ya kukubali kung'olewa jino la pili na la tatu. Kuhusu gharama, uliza mapema bima yako inalipia nini. Kama huna uwezo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujakata tamaa na kurudi kijijini. Na kama ukoo unaweza kuchangia harusi kwa miezi mitatu ya vikao, unaweza pia kukaa kikao kimoja kwa ajili ya taya la ndugu.

Shangazi sasa amepita miaka 50. Taya lake la kushoto ni bapa kidogo kuliko la kulia, na mdomo wake una ganzi upande mmoja. Muwa hatafuni, lakini ugali na nyama laini anakula na watu mezani. Kila mwaka anakwenda kupiga picha ya taya, na mimi ndiye ninayemlipia nauli, hata akisema hana dalili yoyote.

Desemba iliyopita ukoo ulikusanyika. Mpiga picha alipotuita uani, shangazi alikuja akiwa bado anajifuta unga mikononi, akasimama mbele, katikati, bila khanga usoni. Nilipomuuliza kama anataka niweke jina lake kwenye makala hii, alikataa.

"Jina langu la nini?" alisema. "Waambie tu wasingoje kiume."